Bi Mkubwa Amechemka Tena

6 Machi

Bolti, mdogo wangu,

Salamu utazikuta mwishoni, nikikumbuka. Sasa hivi nina hasira na sitaki ipoe kabla sijaiandika.

Tulikubaliana mimi na wewe tusizungumzie gari la Baba kwenye simu, maana hatufiki mbali: wewe unapayuka, mimi nakata. Haya, naandika. Dereva wenu wa lori kasema anapita kesho asubuhi, nitampa mkononi.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya Baba. Unajua nilivyohangaika kuipata. Daktari wa kupasua macho anafika ile hospitali Jumatano moja na kuruka moja, na orodha yake ndefu kupita kiasi. Nimeomba ruhusa shuleni, watoto wangu hamsini na wawili nimemwachia mwalimu wa michezo, naye kawakimbiza uwanjani mpaka mchana. Baba nimemnyoa ndevu, shati nimempigia pasi, tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kufika mlimani, kona ya tatu, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikajiambia labda ni macho yangu. Ukapanda tena, ukaingia kwenye nyekundu, mara mvuke huo unatoka kwenye boneti. Bi Mkubwa kachemka.

Lakini kilichoniudhi si gari. Ni Baba. Mtu aliyekuwa akikaa barazani, gari linapita mtaa wa pili, anakuambia "huyo plagi moja imekufa", jana kakaa kitini mikono mapajani. Nikamwuliza, Baba, ni nini hiki? Akasema, "Magari nayo yanazeeka." Basi! Fundi wa miaka arobaini, jibu lake ndilo hilo. Nikangoja injini ipoe, nikaongeza maji, tukageuza, tukarudi kwa mteremko.

Nimemwambia twende kwa basi, hataki. Gari la kukodi, hataki. Anasema hajawahi kuendeshwa na mtu asiyemjua na hataanza sasa akiwa na jicho moja. Na hilo moja ndilo linalonikosesha raha, Bolti. La kushoto tulishalizoea, kile kipande cha chuma kililimaliza tukiwa wadogo. Hili la kulia daktari kasema presha ya jicho imeshakula nusu. Kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki akipasuliwa kinaweza kulindwa. Asipopasuliwa litazima, na halitachukua mwaka.

Fundi wa hapa, yule tunayemwita Taratibu, kasema themostati imekwama. Anataka kuitoa kabisa, eti gari linatembea tu bila hiyo. Nimjibuje? Niambie upesi, maana tumepewa Jumatano ya tarehe kumi na tisa.

Dada yako

Salamu. Umeona, nimekumbuka.

9 Machi

Dada Mwalimu, shikamoo.

Kwanza mimi sipayuki. Naongea juu ya kelele za karakana, siku ukija utaelewa.

Pili, mwambie Taratibu akome. Themostati haitolewi. Ni kilango kidogo cha chuma, kinakaa pale maji yanapotoka kwenye injini kwenda rejeta. Injini ikiwa baridi kinafunga, ikipata joto kinafunguka, maji yanakwenda kupoa. Kikikwama kimefungwa, injini inatokota na rejeta ipo tu, baridi kabisa, haina habari. Ukikitoa, injini haipati joto lake, inakunywa mafuta na kufa polepole. Umesahau yule mteja aliyemwomba Baba aitoe? Baba alimrudishia funguo, akamwambia kamtafute mchinjaji, hapa tunatibu.

Nimekutumia mpya. Dereva anayo, nimeifunga ndani ya soksi isigongwe. Soksi ni safi, usianze. Kabla haijafungwa ipime mwenyewe: itie kwenye sufuria ya maji, weka jikoni. Maji yakikaribia kuchemka utaiona inafunguka. Ikifunguka, mpe Taratibu aifunge, na wewe usimame hapo hapo umwangalie.

Ningekuja mwenyewe, wallahi. Malori kumi na moja yako juu ya mawe na mkubwa wa karakana hataki hata kusikia neno likizo. Nikiwaza kwamba jicho la Baba linamngoja Taratibu mpaka afungue skrubu mbili, natamani kung'ata spana.

Na usimnunie Baba. Mtu anayekwenda kupasuliwa jicho hawezi kuwaza gari.

Mdogo wako,
Bolti

20 Machi

Bolti,

Tena! Kona ile ile ya tatu!

Usiniambie sikuipima. Niliipima mara mbili. Nimesimama jikoni na sufuria yangu ya uji, nikaiona inafungua mdomo, nikafurahi mpaka nikamwita Baba aje, akasema yeye ameziona nyingi. Jumamosi Taratibu kaifunga, mimi nimekaa juu ya tairi namtazama, saa mbili nzima kwa kazi ya dakika ishirini, nikavumilia. Jumapili nikapanda mlima peke yangu makusudi, mpaka kona ya tano, nikarudi. Mshale katikati, umetulia. Nikasema kwisha maneno. Jumatatu na Jumanne gari limelala nyumbani, mimi niko shuleni kama kawaida. Jumatano tunatoka na Baba, kona ya tatu, mvuke. Nimepiga usukani mpaka mkono umevimba.

Muuguzi nimempigia, kaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha. Wamemwekea Baba nafasi ya tarehe mbili Aprili. Akiikosa na hiyo, jina linafutwa, atarudi kwenye orodha baada ya miezi mitatu. Nikamwuliza, dada, jicho lina miezi mitatu? Akaniambia, fikeni tu tarehe mbili.

Tulivyofika nyumbani Baba kaingia kulala, kichwa kinamuuma. Mimi sikumngoja mtu. Nimechukua bisibisi na spana zake nikaifungua mwenyewe hiyo themostati yako. Na huyo Taratibu, Mungu anisamehe, ni fundi au ni adhabu? Klampu, ile pete ya chuma inayobana mpira mkubwa wa maji, kaifunga kichwa cha skrubu kinatazama chini, bisibisi haifiki kutoka juu. Nimelala chali kwenye changarawe na sketi yangu ya vikao, maji ya kutu yananidondokea puani, mwalimu mkuu msaidizi mzima!

Nimeitoa, nimeitia kwenye sufuria. Maji yamechemka, yamefurika, yamezima moto. Haijasogea hata kidogo. Nikaitazama vizuri juani. Ina kutu pembeni, Bolti. Kitu cha siku nne kina kutu?

Basi nikaelewa. Kanibadilishia. Nikaenda mpaka gereji kwake, nikakitupa kile chuma mezani, nikamwita mwizi mbele ya wateja wanne, na nimesema mengine ambayo siwezi kuyaandika kwa mkono huu unaosahihisha madaftari ya watoto. Yeye kakiokota, kakigeuza geuza, kaniangalia. Hajajibu. Kapangusa mikono, kafunga gereji, kaenda zake. Mtu asiye na hatia angenyamaza?

Sasa niambie ukweli. Niitoe kabisa nitembee bila? Maana mimi na heshima ya injini tumeshaachana. Nimechoka, mdogo wangu. Baba tu ndiye hana wasiwasi. Jana jioni kanywa chai vikombe viwili na alikuwa akiimba.

Dada yako

23 Machi

Dada,

Shikamoo. Kaa chini kwanza.

Nilipoimaliza barua yako niliandika ukurasa mzima wa kumtukana Taratibu. Nilikuwa nimefika pazuri kweli. Halafu nikairudia yako nitafute la kuongeza, nikafika pale ulipolala kwenye changarawe. Nikasoma tena. Nikachana ukurasa wangu.

Umesema kichwa cha skrubu kilitazama chini.

Wewe gereji ya Baba ulikuwa huingii, ulikuwa na vitabu vyako. Aliyekula makofi ni mimi. Kila nilipofunga klampu skrubu ikatazama juu, kofi. "Ikitazama juu inatunza maji, inashika kutu, siku ya kuifungua inakukatikia. Igeuze chini!" Nimefanya kazi hii miaka kumi na minane, karakana nne, na sijamwona fundi mwingine anayefunga hivyo. Mafundi wote wanafunga juu, kwa sababu ndiyo rahisi. Hapa wenzangu wananicheka, wakiona klampu imegeuka chini wanajua ni gari la Bolti. Taratibu kafundishwa na mjomba wake. Na ulikuwa umekaa juu ya tairi unamtazama. Alilala chini ya gari wakati wowote? Najua hakulala.

Tuko watu wawili tu, Dada, na mimi niko huku.

Kazi ile haihitaji macho. Skrubu mbili, mpira mmoja, mikono yake inaifanya hata akiwa amesinzia. Na siku mbili nzima wewe uko shuleni, yeye yuko nyumbani na gari.

Usimfokee kabla hujahakikisha. Chini ya kitanda chake, upande wa ukutani, kuna kopo lake la maziwa la kuwekea vyuma. Tazama humo. Kisha nenda ukamwombe Taratibu radhi, na umwombe mbele ya watu, kama ulivyomtukana.

Nina hasira. Mimi ndiye niliyekuambia usimnunie. Lakini sielewi, Dada. Anataka nini? Anataka kuwa kipofu?

Bolti

26 Machi

Bolti,

Ilikuwemo. Imefungwa vizuri ndani ya soksi yako, na soksi imekunjwa.

Nimeichukua nikaiweka mezani mbele yake, nikamshika mkono nikauweka juu yake. Akaipapasa. Akasema, "Bolti?" Nikasema, ndiyo, Bolti. Akafikiri kidogo, akasema, "Klampu." Nikasema ndiyo. Akatabasamu! Mwanamume yule alifurahi, Bolti, alifurahi kwamba umemjua mkono wake! Hapo ndipo nilipopasuka. Nimepiga kelele mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini. Nimemwambia nimeomba ruhusa, nimepiga magoti kwa wauguzi, nimelala kwenye changarawe, nimemwita mtu mwema mwizi, na wewe umekaa hapa unanifungia na kunifungulia. Kwa nini, Baba? Akachukua soksi, akaikunja tena. Kwa nusu saa jana nimemchukia baba yangu, nakuambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Kwa Taratibu nimekwenda. Nilisimama nje mpaka wateja walipojaa, nikaingia, nikasema yote: nimekosea, si mwizi, nisamehe. Akaendelea kukaza boliti yake mpaka akaimaliza. Halafu akasema, "Mwalimu, ile ya kutu uliyoitupa hapa ndiyo niliyoitoa mimi siku ile. Mzee aliiomba, nikampa mkononi. Ulipoitupa tu nikajua." Nikamwambia, sasa kwa nini hukusema? Akasema, "Mbele ya wateja? Mzee wangu yule?" Akanirudishia ile ya kutu. Bolti, natamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Baba anasema atakuandikia wewe, kwangu hawezi kusema. Eti mimi nitaisoma nikiifunga bahasha, na hiyo inatosha. Nimempa kalamu nene ya kuandikia maboksi na karatasi kubwa za darasani. Ameketi dirishani tangu asubuhi na hajaandika hata tarehe.

Imebaki wiki moja.

Dada yako

27 Machi

Mwanangu,

Mistari ikipanda na kushuka ujue ni jicho, si ulevi.

Dada yako anasema nawachezea. Siwachezei. Naogopa. Nimeliandika mara moja, sitalirudia.

Jicho la kushoto halikuharibiwa na chuma. Nilikudanganya wewe na dada yako, na marehemu mama yenu alinisaidia kudanganya. Lilikuwa na presha kama hili. Nililipeleka peke yangu, likapasuliwa, nikarudi na giza. Nikasema ni chuma, maana fundi kuumizwa na kazi ni jambo la kawaida, hakuna anayeuliza zaidi. Mkanipa pole, mkakua.

Daktari wa siku ile aliniambia nimechelewa mwaka mzima. Maneno hayo nayaruka kila nikikumbuka. Nilikuwa na injini ya basi mezani, nikasema nikiimaliza nitakwenda. Nikaimaliza, ikaja nyingine.

Safari ya kwanza gari lilichemka lenyewe. Nilisikia tangu kona ya kwanza, nikanyamaza. Dada yako alipogeuza kurudi nikapumua vizuri kwa mara ya kwanza wiki nzima. Safari ya pili ni mimi. Imenichukua dakika ishirini na tano. Zamani ilikuwa kumi.

Hili lililobaki linaniletea nusu ya mlango. Naona mtu akipita, sioni ni nani mpaka aseme. Naona chai ikiwa na maziwa na ikiwa haina. Ni kidogo, lakini nimekizoea. Nikilala kwenye meza ile naweza kuamka sina hata hicho. Dada yako anasema nikikaa hapa nitakikosa vilevile. Najua hesabu hiyo. Kujua hakuniondolei woga.

Klampu si kosa. Klampu inafungwa hivyo. Wenzako wasikucheke wakakubadilisha.

Nimempa dada yako ile themostati ampelekee Taratibu. Amekataa. Amesema nifunge mwenyewe ile ninayotaka, nzima au mbovu, yeye ataendesha tu. Ameiweka mezani pamoja na ya kutu, akaenda shuleni. Mwanamke yule ni mkali kuliko mama yenu.

Sijui nitafunga ipi.

Baba

4 Aprili

Bolti, mdogo wangu,

Salamu kwanza leo. Sisi hatujambo, tuko hospitali, naandikia magotini kwenye benchi la koridoni na wodi inanuka dawa ya kudekia.

Sikuuliza, Bolti. Wiki nzima nimeondoka asubuhi na kurudi jioni, sikuuliza, nimejing'ata ulimi mpaka nimekonda. Vile vyuma viwili vilikaa mezani Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, nakula navitazama. Jumatatu nikarudi, meza iko tupu. Sikuuliza.

Jumatano saa kumi na mbili nimetoka nje, Baba kashaingia garini, kavaa kofia, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Na mimi, nisamehe, sikumwamini. Nikafungua boneti nitazame, ingawa sijui ningetambua nini. Themostati ikishafungwa haionekani. Nikaona klampu tu.

Skrubu ilikuwa inatazama juu.

Nimeitazama, nikaigusa kwa kidole. Nikaenda dirishani kwake nikasema, Baba, klampu umeifunga juu? Akasema, "Si umelalamika? Umri wako si wa kulala kwenye changarawe." Nikasema, itashika kutu. Akasema, "Itashika. Utaifungua kabla haijakatika." Nikafunga boneti, nikazunguka nyuma ya gari nikasimama huko kidogo, halafu nikaja nikawasha.

Kona ya kwanza akauliza, "Mshale uko wapi?" Katikati, Baba. Kona ya pili, "Mshale?" Katikati. Kona ya tatu hakuuliza, ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Tukapita. Nikasema bila kuulizwa, katikati, Baba. Akasema, "Nasikia." Kilele tumekifikia Bi Mkubwa akinguruma vizuri, na nilitamani ungekuwepo usikie.

Walipomlaza kwenye kitanda cha magurudumu akanishika mkono. Gari limeegeshwa saa nzima, limepoa, funguo ziko kwenye mkoba wangu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mshale?" Nikamwambia, katikati, Baba. Wakamwingiza.

Leo asubuhi wamefungua bandeji. Daktari kamulika, kapima, kamulika tena, mimi nimesimama ukutani. Akasema presha imeshuka, alichokuja nacho anaondoka nacho, na akitumia dawa kitabaki. Hakurudishiwa kitu, Bolti, na hakupoteza kitu. Nikalia. Sikulia siku ya kona wala siku ya kopo, nikalia pale mbele ya madaktari watatu.

Daktari akamwuliza, "Mzee, unaona nini?"

Baba akageuza kichwa polepole, kama anavyofanya siku hizi, mpaka akanipata. Akasema, "Namwona mwalimu mmoja amekumbatia mkoba. Mwambieni aache kulia, ataishiwa maji kabla ya mlima."

Dada yako